Jengo Likija Mtaani, Tazameni Mdomo wa Barabara

Wiki iliyopita niliitwa na wakaazi wa mtaa mmoja upande wa Nyali, Mombasa. Sitautaja, maana jambo lao halijaisha. Kwenye ploti iliyokuwa na nyumba moja na miembe mitatu limesimamishwa bango: panatakiwa fleti 120. Mimi ni mhandisi wa barabara, na kazi yangu hasa ni kuhesabu magari. Nilipoketi barazani nilikuta neno moja tu linazunguka. Jam. Jam itatumaliza.

Niliwaambia neno hilo mbele ya maafisa wa mipango halina uzito. Mhandisi wa mwekezaji atasimama aseme kwamba kati ya fleti 10 ni nne tu zinazotoa gari katika ile saa ya asubuhi yenye foleni. Jumla magari 48, hata gari moja kwa dakika halitimu, na barabara ya mtaa hubeba mamia kwa saa. Watakunywa chai, waondoke.

Naye hatakuwa amesema uongo. Ila atakuwa amepima barabara akauacha mdomo wake, pale inapoingia barabara kuu.

Kwa hawa jamaa, asubuhi karibu kila gari linakata kulia kwenda Daraja la Nyali, la kuingilia kisiwani. Sisi huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo anayekata kulia avuke kwanza mkondo mmoja wa magari, kisha ajipenyeze kwenye wa pili. Anahitaji mwanya wa sekunde sita au saba hivi. Matatu na tuktuk zikishajaa, mianya ya namna hiyo hupatikana kwa nadra. Tuseme inatosha magari 100 kwa saa, na leo yanatoka 85. Mnasubiri, mnanung'unika, mnapita. Ongeza 48 sasa: yanayotaka kutoka ni 133. Saa ikiisha, magari 33 bado yamekwama. Kila gari na nafasi yake huchukua kama mita 6, basi foleni imefika mita 200. Na foleni haingoji magari 100 yatimie. Ukikaribia hapo tu, kila gari linaloongezeka huwachelewesha wote walio nyuma yake.

Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, zamani tukifika pale nikisoma Ayatul Kursi mara moja, dereva ashaingia. Siku hizi nasoma mara tatu." Watu wakacheka. Mimi nikaandika kwenye daftari, kwani alichokitaja ni muda wa kusubiri wa gari moja, na hicho ndicho cha kutafuta kwanza mkipewa ripoti ya usafiri. Ripoti ikiwapa idadi ya magari bila muda wa kusubiri, irudisheni.

Tazameni pia viwango hivyo vya magari kwa fleti vimetoka wapi. Wahandisi wengi tunaazima vitabu vya Marekani, na vitabu hivyo havilijui boza la maji. Mombasa maji ya mfereji hayategemeki, na sehemu kubwa ya mji haina mabomba ya majitaka, kwa hiyo jengo la fleti 120 huja na maboza ya kuleta maji na malori ya kunyonya choo. Ongeza basi la shule linalosimama katikati ya njia, na bodaboda wa mizigo. Boza moja likijipinda kuingia getini lazuia njia kuliko magari madogo ishirini.

Na siku ya kuhesabu? Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwahi kuhesabu makutano shule zikiwa zimefungwa. Namba zilipendeza mno. Mwenye mradi alifurahi, na mimi sikujua kosa langu mpaka muhula ulipofunguliwa. Hapa kwetu dai hesabu ya siku ya shule, na ya Ijumaa mchana, na ikiwezekana ya jioni ya Ramadhani, saa ile kila mtu anakimbilia futari.

Geti ni jambo dogo ambalo wakaazi hulisahau kabisa. Likiwekwa ukingoni mwa barabara, na bawabu akaandika namba ya kila gari kitabuni kwa nusu dakika, magari matatu yakifuatana mkia unabaki barabarani. Ombeni lirudi ndani mita 18 angalau. Halimgharimu mwekezaji chochote cha maana, na sijaona akilikataa likiombwa mapema.

Kuna nililolisema likawaudhi. Mtaa huo zamani ulikuwa na njia tatu za kutokea. Mbili wakaazi wenyewe wamezifunga kwa vyuma, kwa ajili ya usalama, wakasukuma magari yote kwenye mdomo mmoja. Ukuta wa jirani mwingine umeingia hifadhi ya barabara. Afisa akija akayaona hayo, malalamiko yenu yataanza kuchechemea.

Sheria iko upande wenu kwa kiasi. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na pingamizi hupelekwa kaunti kwa maandishi. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo ina mlango wake wa tathmini ya mazingira. Andikeni namba, msiandike hasira.

Mkiambiwa barabara ya Mtwapa inapanuliwa, ulizeni magari hayo yanamiminika wapi. Wanaoingia kisiwani kutoka kaskazini wanarudi kwenye daraja lile lile lililofunguliwa 1980.

Jumanne tulikaa mdomoni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi, vijana wawili na yule bibi kwenye kiti cha plastiki. Kijana mmoja alihesabu wanaotoka, mwingine akashika saa ya simu kupima kila gari limesubiri sekunde ngapi. Saa moja na dakika ishirini likaja boza, likasimama kumngoja mwenye ufunguo wa tangi. Vijana wakaniuliza kama wasimamishe hesabu mpaka liondoke. Nikawaambia waendelee.