Je, wajua kwa nini kompyuta ya asiyeona husema "kitufe, kitufe" tu?

Mwanafunzi asiyeona mjini Kisumu amefungua fomu ya mtandaoni kwa NVDA, kisoma skrini (programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta) cha bure kilichoanzia Australia mwaka 2006. Anabonyeza Tab: "kitufe". Anabonyeza tena: "kitufe". Mwenye macho aliye kando yake anaona vitufe vyenye picha ya bahasha na ya pipa la taka.

Kisoma skrini hakitazami picha zilizo kwenye kioo. Kila programu huikabidhi kompyuta orodha ya vitu vyake: hiki ni cha aina gani, kinaitwaje, kimewashwa au kimezimwa. Orodha hiyo ndiyo inayosomwa. Msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, akiweka picha ya bahasha bila kuipa jina, hubaki aina peke yake. Kibaya zaidi ni kitufe kilichoundwa kwa div, kisanduku kitupu cha msimbo wa HTML: machoni kimependeza, lakini Tab inakiruka na Enter haikigusi. Msanidi angetumia button, alama ya HTML ya kitufe halisi, hayo yote yangekuja yenyewe.

Kiswahili nacho kina shida yake. Ukurasa wa Kiswahili ukiachwa na lang="en", alama inayosema lugha yake ni Kiingereza, kisoma skrini huushika kwa matamshi ya Kiingereza, na "maji" huvurugika usiyatambue. Dawa ni herufi mbili: lang="sw". eSpeak NG, sauti inayokuja na NVDA, inakijua Kiswahili, ingawa kwa ukavu wa mashine.

Je, akili unde (AI) haitamaliza haya? JAWS, kisoma skrini kingine, tayari hueleza picha kwa njia hiyo, na kwa picha za harusi inafaa sana. Lakini kitufe cha kutuma pesa si cha kubahatishwa. Kinachobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yetu, ni sheria: tangu tarehe 28 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unadai huduma za benki na maduka ya mtandaoni zitumike na watu wenye ulemavu. Programu nyingi zinazouzwa huko ndizo hizo hizo tunazotumia huku.

Msanidi wa Kisumu au Nakuru anaweza kujipima leo. Weka NVDA kwenye Windows, iwashe kwa Ctrl+Alt+N, chomoa kipanya, zima kioo. Jaza fomu yako kwa Tab na Enter hadi uitume. Kisha bonyeza Insert+F7 na uchague vitufe: kila kisicho na jina kwenye orodha hiyo, asiyeona hana namna ya kujua ni cha nini. Wengi hukwama kwenye kalenda ya kuchagua tarehe, kwa hiyo anza nayo.