Nero hakupiga fidla Roma ikiteketea

Wengi tumesimuliwa kwamba mwaka 64 Kaizari Nero alikaa akipiga fidla huku Roma ikiungua. Haiwezekani: fidla ilibuniwa karne ya 16. Yeye alipenda kinubi.

Tena moto ulipozuka, usiku wa Julai, kwenye maduka ya kando ya uwanja wa mbio za magari ya farasi, Nero alikuwa Antium, mji wa pwani ulio kilomita 50 hivi kutoka Roma. Tacitus, mwanahistoria asiyempenda hata kidogo, anaandika kwamba alirudi, akawafungulia waliounguliwa bustani zake, akaagiza chakula kutoka bandari ya Ostia na kushusha bei ya nafaka. Kwamba aliimba maangamizi ya Troya, mji wa kale wa hadithi za Wagiriki, Tacitus anakutaja kama uvumi tu.

Uvumi huo ulishika kwa sababu mtu mwenyewe hakuaminika. Alitawazwa mwaka 54 akiwa na miaka 16. Miaka mitano baadaye akaamuru mama yake, Agrippina, auawe, yeye aliyempigania hadi akapata kiti. Baada ya moto alijijengea kasri kubwa palipoungua, na lawama akawatupia Wakristo. Wengine walichomwa usiku, wawe taa, katika bustani zake.