Ile namba ya ubavuni mwa tairi siyo ya kujazia upepo

Kuna meseji inazunguka kwenye magrupu miaka na miaka, eti ukifunga tairi kubwa kwenye gari ya porini jaza upepo mpaka namba iliyoandikwa ubavuni, halafu taa ya upepo kwenye dashibodi ikiwaka achana nayo, eti sensa mpya (vifaa vya kupima upepo wa tairi) hazielewani na tairi kubwa. Siyo kweli jamani, na ni hatari.

Namba ile ni kikomo cha presha (upepo) ambacho tairi haitakiwi kuvuka, siyo kipimo cha kila siku. Presha ya kutumia imeandikwa kwenye stika, mara nyingi iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ila hiyo ni ya saizi ya kiwandani, ukibadili saizi fundi aangalie jedwali la uzito na presha la tairi mpya. Watu wanachanganyikiwa sababu namba ya ubavuni inaonekana wazi, stika mpaka ufungue mlango.

Sensa iliyo ndani ya rimu inapima presha, ukubwa wa tairi haiujui. Taa ikipepesa kama dakika moja halafu ikabaki imewaka, mfumo una hitilafu, na kama sensa ni mpya huenda hazijasajiliwa kwenye gari. Ikiwaka bila kupepesa, upepo umepungua, simama upime.

Naomba meseji hiyo msiiforwadi tena, mtu anaweza kupinduka. Pima mwenyewe kwa geji gari ikiwa imepaki kwa angalau masaa matatu, kisha chora chaki kukatisha uso wa tairi, uendeshe taratibu kwenye lami iliyonyooka: ikifutika katikati tu upepo umezidi, pembeni tu umepungua.