Neno Hili ni la Nani? Dhana Potofu Kuhusu Kusahihisha Sentensi za Kiingereza

Anayejiandaa kwa SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, au kwa sehemu ya muundo wa sentensi katika TOEFL ITP, mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho, hukutana na maswali ya aina mbili yanayorudi kila mara. Moja huuliza kama vitu vilivyoorodheshwa vinalingana. La pili huuliza neno lenye -ing au -ed linamwelezea nani. GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shahada za uzamili za biashara, nayo ilikuwa na maswali mengi ya namna hii, lakini toleo jipya lililoanza Novemba 2023 liliyaondoa, na toleo la zamani likafungwa mwanzoni mwa 2024. Vitabu vya mazoezi vya miaka hiyo bado vinapita mkono kwa mkono, na watahiniwa wanakariri kanuni za njia ya mkato zilizomo. Nyingine kati ya hizo zinawapotosha, na inaniuma kuona mtu mwenye Kiingereza kizuri akipoteza alama kwa sababu yake.

“Ikisikika vizuri, ndiyo jibu”

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayotuumiza zaidi sisi tuliolelewa na Kiswahili. Sikio letu limezoea sarufi yetu, na sarufi yetu inafanya kazi ambayo Kiingereza hakiifanyi.

Chukua sentensi hii: “Walking along the beach, my phone fell into the water.” Wengi huipitisha bila wasiwasi. Kwa Kiswahili tungesema, “Nikiwa natembea ufukweni, simu yangu ilitumbukia majini,” na hakuna kosa lolote. Kiambishi ni- kimeshasema anayetembea ni mimi, kwa hiyo hata kiima kikibadilika baada ya koma, hakuna anayepotea njia. “Walking” haina kiambishi. Haisemi ni mimi, wewe wala wao. Inamsubiri mwenyewe atokee, na kwa kanuni ya mtihani mwenyewe ni kiima kinachofuata koma. Hapo kiima ni simu, kwa hiyo tumeandika kwamba simu ilikuwa inatembea. Marekebisho ni ama kumweka mtu baada ya koma, “Walking along the beach, I dropped my phone into the water,” ama kumrudisha ndani ya kishazi cha kwanza: “While I was walking along the beach, my phone fell into the water.”

Watunga mitihani wanapenda kuuficha mtego huu kwenye umilikishi. “Born in Nyeri in 1940, Wangari Maathai’s work won the Nobel Peace Prize in 2004.” Jicho linaliona jina la Maathai palepale baada ya koma, moyo unatulia. Lakini kiima si Maathai, ni “work”, na kazi haikuzaliwa Nyeri. Sentensi sahihi inamfanya yeye mwenyewe awe kiima: “Born in Nyeri in 1940, Wangari Maathai won the Nobel Peace Prize in 2004.”

Katikati ya sentensi hali ni ileile. Mtu anasema “Nilinunua kikapu kwa dada kilichosukwa kwa ukili,” na kila msikilizaji anajua kilichosukwa ni kikapu, maana ki- inakifuata kikapu popote kiendapo. Jaribu kuihamisha ilivyo: “I bought a basket from my sister woven from palm leaves.” Sasa dada ndiye aliyesukwa. Kiingereza hakina ngeli za kumfuata mwenye neno, kina nafasi tu. Sogeza “woven from palm leaves” iwe jirani na “basket”.

“Ulinganifu ni miisho kufanana”

Hapana. Ulinganifu ni vitu vilivyounganishwa kufanya kazi moja katika sentensi. Soma hii: “Maathai founded the Green Belt Movement in 1977, was elected to parliament in 2002, and won the Nobel Peace Prize in 2004.” Umbo la kwanza lina -ed, la pili ni la kutendwa, la tatu ni “won”. Maumbo hayafanani, ila sentensi iko sawa kabisa, kwa kuwa yote matatu ni vitenzi kamili vya kiima kimoja.

Sasa badilisha neno moja tu mwishoni: “and winning the Nobel Peace Prize in 2004.” Imeharibika. Na hapa tena Kiswahili kinaeleza kwa nini hatushtuki. Sisi husema “alianzisha vuguvugu, alichaguliwa bungeni na kushinda tuzo”, kitenzi cha mwisho kikivuliwa nafsi na wakati na kubaki na ku- peke yake, nacho ni Kiswahili safi. Sikio lililozoea “na kushinda” linaipokea “and winning” kama ndugu yake.

Hata nyakati si lazima zifanane. “The bridge was built in 1980 and now needs repair” ni sahihi, kwa kuwa mambo yenyewe yalitokea nyakati tofauti. “She worked quickly and with great care” nayo ni sahihi: moja ni kielezi, jingine ni kirai chenye kihusishi, ila yote mawili yanajibu swali la vipi.

Kuna mahali ambapo uchaguzi ni wa maana, si wa umbo. Linganisha “The nurse washed her hands, examined the child, and wrote a report” na “The nurse washed her hands, examining the child and writing a report.” Ya kwanza inataja hatua tatu zinazofuatana. Ya pili inasema kumpima mtoto na kuandika ripoti vilikuwa ndani ya kule kunawa mikono, jambo lisilowezekana. Uliza kwanza nini kilitokea, ndipo uhesabu miisho.

“-ing baada ya koma huelezea neno lililo karibu”

“The river burst its banks, flooding the farms.” Neno la karibu ni “banks”, lakini “flooding” haielezei kingo. Inabeba tukio zima la mto kuvunja kingo na matokeo yake. Ni kazi ileile ya “jambo” tunaposema “mto ulivunja kingo zake, jambo lililofurikisha mashamba”. Ukiweka “which flooded the farms”, mtihani utakukatalia, kwa sababu kwao “which” inahitaji nomino ya kuishika, na iliyopo jirani ni kingo. Katika mazungumzo Waingereza na Wamarekani hutumia “which” hivyo kila siku, lakini mtihani haupimi mazungumzo.

“Being ni kosa daima”

Si kweli. “Being a nurse requires patience” haina dosari, kwa sababu “being” pale ni nomino.

“Kulinganisha ni suala la maana tu, msomaji ataelewa”

“The population of Tanzania is larger than Kenya.” Ataelewa, ndiyo, lakini sentensi imelinganisha idadi ya watu na nchi. Hapa kwa mara moja Kiswahili kinatusaidia: hakuna anayesema “idadi ya watu wa Tanzania ni kubwa kuliko Kenya” akiwa makini, atasema “kuliko ya Kenya”. Ile “ya” ndiyo “that of”. Ikiwa ni wingi, kama katika “barabara za Lamu ni nyembamba kuliko za Nairobi”, ile “za” ndiyo “those of”: “The streets of Lamu are narrower than those of Nairobi.”