"Akija kocha mwenye jina, mmiliki atanyooka" na dhana nyingine zinazonichosha

Kazi yangu ni kuandika na kusoma mikataba ya makocha. Kila klabu ya Uingereza yenye mmiliki anayechukiwa inapobaki bila kocha, naanza kuulizwa swali lile lile. Mara nyingi hata si swali, ni jibu ambalo mtu anataka nilipigie muhuri: "Huyu jamaa akija, yule tajiri hana ujanja tena. Atatoa hela apende asipende." Nalisikia kwa mashabiki, nalisikia hata kwa makocha ninaowaandikia mikataba, ambao wangepaswa kujua zaidi. Hilo nitalikalia. Mengine nitayapitia haraka.

"Kocha mkubwa atambana mmiliki"

Hambani. Kocha ni mwajiriwa. Jina lake linampa mshahara mnono, linampa wasaidizi anaowataka, linamjazia waandishi kwenye mkutano wa Ijumaa. Halimpi kalamu ya kuidhinisha malipo. Mamlaka ya kocha ni yale yaliyomo kwenye mkataba, na hata yakiwemo, siku yakivunjwa anachoambulia ni fidia. Mchezaji aliyemtaka hamwoni, na timu hairudishiwi pointi.

Tazama Newcastle United, maana ile ni kesi ambayo mambo ya ndani yalianikwa juani. Mike Ashley aliinunua klabu 2007. Januari 2008 akamrudisha Kevin Keegan, mtu aliyewahi kuichezea timu hiyo, kisha akaifundisha miaka ya 1990, akiabudiwa pale kama mtume. Kama kuna kocha aliyewahi kuingia ofisini na uwanja mzima nyuma yake, ni yeye. Pamoja naye akawekwa Dennis Wise, mkurugenzi wa soka. Nani yuko juu ya nani kwenye usajili? Klabu ilikuwa ikiwaambia waandishi kwamba neno la mwisho ni la Keegan.

Agosti 2008, dirisha la usajili likielekea kufungwa, Wise akamtajia Keegan mchezaji anayeitwa Ignacio González, kiungo Mruguay wa Valencia. Keegan hakumjua. Akaambiwa amtafute YouTube. Akamtafuta, akakuta vipande vya video ambavyo huwezi kumsajilia mtu wa Ligi Kuu, akakataa. Hapo klabuni hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumshuhudia akicheza. Akaletwa kwa mkopo hivyo hivyo, kwa sababu uongozi ulitaka kuwafanyia hisani mawakala wawili wa Amerika Kusini, ukitarajia nao watarudisha fadhila siku za mbele. Keegan akajiuzulu mwanzoni mwa Septemba. González alicheza mechi mbili.

Shauri likaenda kwenye baraza la usuluhishi la makocha wa Ligi Kuu, na Oktoba 2009 Keegan akashinda. Baraza lilisema klabu ndiyo iliyovunja mkataba, kwa hiyo kuondoka kwake kulikuwa sawa na kufukuzwa. Sasa, ile kauli kwamba neno la mwisho ni la kocha? Klabu ilijitetea mbele ya baraza kwamba yale yalikuwa maneno ya kujisafisha kwa umma tu, si makubaliano. Yaani walisimama wakasema: tuliwadanganya mashabiki, kwa hiyo kocha asitudai. Kila mara mmiliki anapokaa na kocha mpya mbele ya kamera na kutangaza "atapewa kila anachohitaji", mimi nakumbuka utetezi huo.

Keegan alidai zaidi ya pauni milioni 25. Alipata milioni 2 na riba. Kwa nini? Kwa sababu mkataba aliousaini mwenyewe ulikuwa na kipengele kinachoweka kikomo cha fidia kwenye kiasi hicho. Na kuhusu usajili, mkataba ulisema tu kwamba atafanya majukumu ambayo kwa kawaida huambatana na cheo cha kocha wa timu ya Ligi Kuu. Hapo ndipo damu inaponichemka. Mamilioni yanapita kila dirisha, kila mtu anajua ugomvi utatokea kwenye usajili, halafu jambo lenyewe linafichwa ndani ya "kwa kawaida", lije kuamuliwa na watu watatu mezani mwaka mzima baada ya kocha kuondoka.

Ushauri wangu kwa kocha yeyote anayeitwa na mmiliki wa aina hiyo haubadiliki. Iandikwe nani anapendekeza jina la mchezaji. Iandikwe nani ana haki ya kulikataa. Iandikwe nani anaidhinisha bei na mshahara, na kocha ana haki gani akipuuzwa. Mmiliki akisema "hayo hayana haja, sisi tunaaminiana", ujue ameshakujibu. Nanyi mashabiki, badala ya kubishana kama fulani ni bora kuliko fulani, ulizeni nani ana saini ya usajili na kama atabaki pale pale kocha akibadilika. Akibaki, mnabishania rangi ya mlango.

Hukumu ilipotoka, timu ilikuwa imeshashuka na inacheza daraja la pili. Ashley akaendelea kuimiliki miaka kumi na miwili mingine.

Nikifika hapa huwa naambiwa Keegan alikuwa na hasira za karibu, kwamba angekuwa mtu mtulivu na mjanja, mwenye makombe, hadithi ingekuwa nyingine. Huyo naye alikuja. Rafael Benítez, bingwa wa Ulaya na Liverpool 2005, alipewa timu Machi 2016. Ilishuka, hakukimbia, akaipandisha kama bingwa 2017, msimu uliofuata akamaliza nafasi ya 10. Alimbana mmiliki kwa kila njia ambayo kocha anaweza: alizungumza na waandishi, alichelewesha mkataba mpya, na mashabiki walisimama naye mpaka mwisho. Alichopata? Januari 2019 klabu ilimnunua Miguel Almirón kwa takriban pauni milioni 20, ikavunja rekodi yake ya usajili iliyokuwa imekaa tangu Michael Owen asajiliwe 2005. Juni ile mkataba wa Benítez ukaisha, akaenda zake.

Julai hiyo hiyo, kocha mpya akiwa Steve Bruce, ambaye mashabiki wengi hawakumtaka hata kumsikia, klabu ikatoa pauni milioni 40 kumnunua Joelinton. Mara mbili ya kiasi ambacho bingwa wa Ulaya alikipata baada ya miaka mitatu ya kuvutana. Mwenye pochi aliifungua alipoamua yeye. Mtu anayeniambia kwamba jina la kocha ndilo linaloifungua anieleze huo mwezi wa saba.

"Mmiliki mbaya ni yule bahili"

Waulize Everton. Farhad Moshiri aliingia 2016 na kumwaga fedha kwa wachezaji mpaka ikawa balaa. Wakapita makocha Koeman, Allardyce, Silva, Ancelotti, Benítez, Lampard na Dyche. Ancelotti yule yule aliyetoka hapo 2021 akaenda kutwaa tena ubingwa wa Ulaya na Real Madrid. Kocha mwenye jina kuliko hilo utampata wapi?

Kanuni za fedha za Ligi Kuu ziliiruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Everton walivuka. Novemba 2023 wakanyang'anywa pointi 10, rufaa ikazishusha hadi 6, kisha Aprili 2024 wakakatwa nyingine 2. Pointi nane kwa msimu mmoja, zote zikatoka kwenye vitabu vya hesabu, wala hakuna kocha aliyekosea kupanga kikosi. Kwa hiyo ukisimama uwanjani kuimba "toa hela", hakikisha kwanza kuna mtu anayejua kuzihesabu.

"Mashabiki hawasikilizwi wakati wa kuchagua kocha"

Wanasikilizwa, tena pengine kuliko wanavyostahili. Januari 2022, hao hao Everton, ilivuja kwamba mmiliki anamtaka Vítor Pereira. Watu wakaja juu. Ukuta wa uwanja wa Goodison Park ukaandikwa kwa rangi: Pereira nje, Lampard ndani. Pereira akafika hadi kujitetea kwenye televisheni, kitu ambacho mwombaji wa kazi hafanyi akiwa na akili timamu (na angekuwa mteja wangu ningemkatia simu ya studio). Mwisho wa mwezi akaajiriwa Frank Lampard.

Mei wakanusurika kushuka kwa kuwafunga Crystal Palace 3-2 baada ya kutanguliwa mabao mawili. Januari 2023 kibarua cha Lampard kikaota nyasi. Moshiri akabaki hadi Desemba 2024. Mashabiki wana nguvu ya kuzuia jina wasilolitaka, hiyo ipo na imethibitishwa. Jina wanalolitaka nalo wanaweza kulipata. Kinachowashinda ni kumbadilisha yule atakayemwajiri, na ndiye huyo huyo atakayemfukuza.

"Kocha mpya huamsha timu"

Timu hufukuza kocha ikiwa chini kabisa, na ukiwa chini kabisa njia iliyobaki ni kupanda. Mchumi Bas ter Weel aliichunguza ligi ya Uholanzi ya 1986 hadi 2004. Timu zilizofukuza kocha zilipata nafuu. Zile zilizoporomoka vivyo hivyo lakini zikabaki na kocha wao, nazo zilipata nafuu hiyo hiyo. Sina la kuongeza.

"Kocha mzuri akishinda, mmiliki hatauza, kwa hiyo bora tufungwe"

Hii huja na huzuni ndani yake na naielewa, lakini ni hesabu mbovu. Familia ya Glazer iliichukua Manchester United 2005 kwa mikopo iliyotwishwa klabu yenyewe. Chini yao Sir Alex Ferguson alitwaa ubingwa wa ligi mara tano na Ligi ya Mabingwa 2008. Je, watu walinyamaza? Mwanzoni mwa 2010 timu ikiwa ndiyo bingwa mtetezi, Old Trafford ilijaa skafu za kijani na dhahabu za kuwapinga wamiliki. Baada ya Ferguson kustaafu 2013 ikaja miaka ya kufungwa, na wenyewe hawakuondoka pia. Februari 2024 Sir Jim Ratcliffe alinunua asilimia 27.7, wingi wa kura wakabaki nao.

Newcastle ya Ashley ilishuka daraja mara mbili, 2009 na 2016. Mara zote mbili alibaki. Aliuza Oktoba 2021 alipopata mnunuzi wa takriban pauni milioni 305. Mmiliki anatazama bei. Kufungwa kwako Jumamosi kunamuumiza kocha, kunakuumiza wewe, kwake ni mstari kwenye jedwali, tena mara nyingi mstari wa ukurasa wa pili.

"Akifukuzwa analipwa mkataba wote"

Mara chache. Mikataba mingi ninayoiona ina kikomo cha fidia, kwa kawaida mshahara wa mwaka mmoja au pungufu, na mara nyingine fidia hiyo hupunguzwa kocha akipata kazi mpya. Ndiyo, hesabu za klabu zina tarakimu zinazotoa macho: Mourinho na wasaidizi wake pauni milioni 19.6 pale Manchester United, Conte na wenzake milioni 26.6 pale Chelsea, gharama za mawakili zikiwemo. Erik ten Hag aliongezewa mkataba na Manchester United Julai 2024, akafungashiwa virago Oktoba, ikagharimu milioni 10.4 pamoja na benchi lake. Wote hao walitoka klabu tajiri na walikuwa na mawakili wazuri.

Kinachosahaulika ni kwamba mkataba mrefu humlinda mmiliki vilevile. Septemba 2012 Ashley alimpa Alan Pardew miaka minane. Watu walicheka, wakasema amejifunga kamba mwenyewe. Miaka miwili na kidogo baadaye Crystal Palace walipomtaka Pardew, iliwabidi wailipe Newcastle fidia ndipo wampate.