Kupe ya Zamani: Anza na Mafuta ya Breki, Si Kalipa Nyekundu

Na mkufunzi wa ufundi wa magari, chuo cha kiufundi, Nakuru

Kijana mmoja alituletea Toyota Celica ya mwaka 1996 kwenye karakana ya chuo. Rimu zilikuwa mpya, kalipa (vile vyuma vinavyobana pedi za breki kwenye diski) zimepakwa rangi nyekundu, na springi zimekatwa kwa grainda hadi gari likalala chini kama paka anayenyemelea panya. Alitaka tumshauri kuhusu breki kubwa zaidi. Siku mbili kabla ya hapo, akiteremka kutoka Mau Summit kuja Salgaa nyuma ya msururu wa malori, pedali ilizama ghafla ikakaribia kugusa sakafu. Aliikanyagakanyaga mara tatu ndipo ikarudi.

Mwanafunzi wangu alifungua kikopo cha mafuta ya breki akanimulikia kwa simu. Rangi yake ilikuwa ya turungi iliyosahaulika jikoni tangu asubuhi. Nikamuuliza kijana aliyabadilisha lini.

"Kwani hayo hubadilishwa, mwalimu?"

Simcheki. Swali hilo huulizwa hata na watu waliomiliki magari miaka ishirini. Ndilo lililonifanya niandike makala haya kwa wenye magari ya milango miwili, zile kupe tunazoziona Nakuru, Kisumu na Kakamega: Celica, Levin, Prelude, FTO, mara mojamoja Silvia. (Ndiyo, jina ni lile lile la mdudu wa ng'ombe, na mwenye gari atakuambia kwamba kunyonya ni kule kule.) Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililozidi miaka 8, kwa hiyo kupe ya miaka ya tisini iliyoko hapa ilikuja zamani, imepita mikono kadhaa, na imeonja kila tuta kutoka Gilgil hadi Busia. Mpira wake umekauka. Mara nyingi mwenyewe hudhani gari ni dhaifu, kumbe limechoka tu. Anakimbilia kununua kifaa cha mbio wakati gari halijarudishiwa hata kile lilichotoka nacho kiwandani.

Tuanze na breki, maana hapo ndipo watu hufa.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,200 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa huacha kwenye diski na pedi nishati ya takriban kilojuli 460. Likitoka kilomita 50 kwa saa ni robo ya hiyo, si nusu, kwa kuwa mwendo ukizidi mara mbili nishati huzidi mara nne. Sasa fikiria mteremko. Kutoka mjini Kericho hadi Ahero unashuka zaidi ya mita 800 za kimo. Kama injini na upepo visingekusaidia kabisa, breki za gari hilo zingelazimika kumeza joto la kusimama mara 20 kutoka kilomita 100 kwa saa. Ndiyo sababu tunawaambia wanafunzi warudi gia ya tatu au ya pili kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake wakati pedi zimeshaanza kunuka.

Joto hilo huingia kwenye kalipa, na ndani ya kalipa kuna mafuta. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa polepole, kupitia mipira na kila kifuniko kinapofunguliwa. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake cha chini hushuka hadi nyuzi 155. DOT 3 huanza na 205 na kuishia 140. Aliyewahi kupika maharagwe Timboroa anajua kwamba huko juu maji huchemka mapema, na mafuta ya breki yana tabia hiyo hiyo. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kwa urahisi wakati kimiminika hakibanwi. Mguu unakanyaga povu. Mafuta yakipoa kidogo pedali inarudi, dereva anasema "ilikuwa hewa tu", na safari inaendelea.

Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili. DOT 4 nzuri inatosha, na ukipenda 5.1 inaweza kuingia kwenye mfumo huo huo. Usichanganywe na jina DOT 5 bila nukta na moja: hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine. Nunua chupa iliyofungwa, na nusu inayobaki usiiweke kabatini kwa ajili ya mwaka ujao.

Baada ya mafuta, angalia paipu za mpira zinazoingia kwenye kalipa. Zikizeeka huvimba kila unapokanyaga, na pedali huwa laini kama sifongo. Kuna ubaya mwingine usioonekana kwa nje: mpira wa ndani unaweza kupasuka ukawa kama mlango wa upande mmoja, mafuta yanaingia lakini hayarudi. Gurudumu moja linabaki limeshikwa, rimu inachoma mkono, na makanika asiyejua anabadilisha kalipa nzima. Paipu zilizosukwa kwa waya wa chuma ni nzuri, nami nimezifunga kwenye gari langu, lakini faida yake ni pedali kuwa imara mguuni. Hazifupishi umbali wa kusimama kwa muujiza wowote.

Kisha pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Vumbi la barabara zetu huzishika, pedi ya ndani inaisha, ya nje inabaki nene kama mkate. Zisafishe, uzipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya bearing huvimbisha mpira. Na vumbi la breki usilipulize kwa kompresa kama wengi wanavyofanya: pedi nyingine za zamani zilikuwa na asbesto, na hata zisizo nayo hazifai mapafuni. Lilowanishe, ulifute.

Kuhusu pedi zenyewe, tazama ukingoni mwake. Nyingi zimechapwa herufi mbili za msuguano, mathalani FF au GF. Ya kwanza ni ya pedi ikiwa bado haijapata moto sana, ya pili ikiwa ya moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi iliyoandikwa FE hushika vizuri asubuhi ukitoka nyumbani na kukuangusha mteremkoni. Pedi za mashindano nazo hazifai gari la kwenda kazini, kwa sababu zikiwa baridi hazishiki, na mtoto anayevuka barabara pale Kondele hakusubiri upashe breki moto.

Je, kalipa kubwa? Zina mahali pake, lakini zina deni. Kalipa yenye pistoni kubwa huhitaji mafuta mengi zaidi kutoka masta silinda ile ile, yaani pampu inayosukumwa na pedali, hivyo pedali inashuka zaidi. Ukiongeza nguvu mbele pekee unavuruga mgawanyo ambao kiwanda kiliupima kati ya mbele na nyuma. Na diski kubwa haingii kwenye rimu ya inchi 15, basi unanunua rimu, halafu tairi. Ukikanyaga mara moja kwa nguvu na magurudumu tayari yanafunga, au ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge) inafanya kazi, basi breki zako zina nguvu ya kutosha kwa tairi ulizonazo. Kinachokupungukia ni tairi. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwake (hii si DOT ya mafuta): 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeona kupe yenye muziki wa bei ya ng'ombe wawili ikitembelea tairi zilizotengenezwa kabla mwenyewe hajapata leseni.

Springi na shoki ni mambo mawili tofauti, ingawa dukani huuzwa pamoja. Springi hubeba gari. Shokomzoba, au shoki kama tuitavyo, huzuia springi isiendelee kudunda. Unapobreki kwa nguvu kwenye kupe ya kilo 1,200, uzito unaokaribia kilo 200 huhama kutoka nyuma kwenda mbele. Shoki zikiwa zimekufa, pua inazama, matairi yanarukaruka juu ya lami, na tairi lililo hewani halisimamishi kitu. Ndiyo maana sizitenganishi breki na shoki.

Kukata springi ndiko kunakonikera zaidi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiikata 2, ugumu wake hupanda kwa nusu nzima, na shoki haikutengenezwa kuizuia springi ya namna hiyo. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake. Gari likishuka, amu ya chini (mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na bodi) huinuka upande wa gurudumu, na kwenye mfumo wa strati kama huu, ambao shoki na springi huwa kipande kimoja, kile kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona hushuka zaidi kuliko bodi yenyewe. Matokeo yake gari lililoshushwa linaweza kutaka kulala zaidi kwenye kona, huku likigonga kila tuta mipira ya mwisho, ile inayozuia chuma kugonga chuma. Mkenya Ian Duncan aliposhinda Safari Rally mwaka 1994 kwa Celica, gari lake halikuwa limelala chini. Mashine za Safari ziliinuliwa na kupewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kwa kuwa njia ni hizi hizi zetu.

Jambo la bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya amu, nitalisema kwa aibu kidogo. Nilipokuwa fundi mchanga nilibadilisha bushi zote za amu za gari la mjomba, nikakaza bolti gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Baada ya miezi michache zilikuwa zimepasuka. Bushi ya mpira ikikazwa ikiwa inaning'inia, gari likishuka chini mpira unabaki umesokotwa muda wote. Funga bolti kwa mkono, teremsha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu. Mjomba alilipia bushi mara mbili, nami sikuthubutu kumwambia sababu hadi nilipoajiriwa kufundisha.

Mwenye Celica au Levin aangalie pia kama yake ni ile yenye Super Strut mbele, aina maalumu ya strati ya Toyota. Amu zake si za kawaida, boljointi zake (viungo vya mpira wa chuma) huchoka, na shoki za Celica nyingine haziingii. Nenda dukani na namba ya chasisi, usiende na jina la gari peke yake.

Ukishagusa lolote kati ya haya, pima alainimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Ukibadilisha vipuri vikubwa, mwarifu wakala wako wa bima kwa maandishi.

Gari la yule kijana lilichukua siku mbili. Tuliweka springi za kiwanda zilizotumika lakini nzima, shoki nne mpya, bushi na linki za mbele, paipu za breki, pedi za FF, na lita moja ya DOT 4 iliyopitishwa hadi kila nipo (kitundu cha kutolea mafuta kwenye gurudumu) ikatoa mafuta safi. Saa kumi na mbili asubuhi, barabara ikiwa tupu, tulizizoesha pedi: kutoka 60 hadi 10 kwa saa mara kumi bila kusimama kabisa, kisha mwendo wa taratibu zipoe. Jioni alipiga simu kutoka Kericho akisema pedali iko juu na gari halivuti kushoto tena. Halafu akauliza kama sasa anaweza kununua zile kalipa za pistoni nne. Nilimwambia atazame kwanza tarakimu za tairi zake. Zilikuwa 4112.