Kabla mkono haujalegea

Mama mmoja, fundi cherehani, alinijia akiwa na kovu la upasuaji kwenye kifundo cha mkono. Kidole gumba kilikuwa kimeisha nguvu, sindano ya kushonea inamponyoka, akaambiwa mshipa wa fahamu umebanwa. Ukafunguliwa. Miezi michache baadaye gumba lilizidi kusinyaa na ulimi ukaanza kuchezacheza. Alipofika kwangu mwaka ulikuwa umekwisha. Kumbe ulikuwa ugonjwa wa nyuroni za mwendo, unaoua seli za neva zinazoamuru misuli, na wengi wenye ugonjwa huo huishi miaka 2 hadi 5 tu tangu dalili ya kwanza. Simlaumu aliyempasua. Mwanzoni magonjwa haya mawili hufanana kweli.

Tangu Jean-Martin Charcot auelezee ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1869, bado tunautambua kwa macho, kwa nyundo ya goti na kwa sindano za kupima umeme wa misuli. Dalili zinapojitokeza, nyuroni nyingi zimeshakufa. Ndiyo maana tunatafuta kiashiria cha mapema, tena kisichomlazimu mtu kuchomwa mgongoni.

Ninachokitumainia zaidi ni nyurofilamenti nyepesi. Nyuroni inayoendesha mguu ina mkia unaofikia mita 1 hivi, na ndani yake zimo nyuzi za protini zinazoushikilia kama fito zinavyoshikilia ukuta wa udongo. Mkia ukivunjika, vipande vya fito huvujia kwenye maji ya uti wa mgongo, na chembe chache sana huingia kwenye damu. Ni pikogramu, yaani sehemu za trilioni za gramu, katika kila mililita. Mashine za sasa huziona hata katika damu iliyotolewa mkononi.

Kikundi cha Michael Benatar, Chuo Kikuu cha Miami, kinawafuatilia tangu 2007 watu wasio na dalili waliorithi jeni zenye kasoro. Kwa wenye ile kasoro ya jeni ya SOD1 inayokwenda mbio, protini hii ilipanda miezi 6 hadi 12 kabla ya dalili. Kwa wenye kasoro ya jeni nyingine, C9orf72, hata miaka 3 na nusu kabla. Sasa utafiti wa ATLAS unapima damu ya watu wenye SOD1 ambao bado wazima. Protini ikivuka kiwango kilichowekwa, wengine huanzishiwa dawa ya tofersen na wengine sindano isiyo na dawa, ili walinganishwe. Lakini SOD1 ni kama asilimia 2 tu ya wagonjwa wote.

Tena nyurofilamenti haitaji jina la ugonjwa. Kiharusi huipandisha, figo zilizochoka huipandisha, kisukari kilichoharibu neva vilevile, na hata umri. Mimi siwezi kumpa mtu hukumu nzito hivi kwa namba moja ya maabara.

Kwa hiyo naithamini sumaku. Koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa juu ya kichwa, mapigo mawili ya sumaku hutolewa yakiachana kwa milisekunde chache, na kibandiko kwenye gumba hupima misuli ilivyojibu. Ubongo wenye afya una breki: pigo la kwanza hupunguza jibu la pili. Matthew Kiernan na Steve Vucic, huko Sydney, wameonyesha kwamba breki hiyo hulegea mapema katika ugonjwa huu, na kwa baadhi ya wenye SOD1 hata kabla ya dalili. Mshipa uliobanwa kwenye kifundo hauilegezi.

Madaktari wenzangu msio na koili, tazameni mkono wenyewe. Mshipa wa katikati, ule upitao kifundoni, ukibanwa, hukonda nyama ya chini ya gumba peke yake. Katika ugonjwa huu hukonda pia nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, huku upande wa kidole kidogo ukibaki umejaa. Kisha ulizeni kuhusu ganzi, kwa kuwa huletwa na mshipa uliobanwa, si na ugonjwa huu. Yule mama hakuwahi kuihisi hata siku moja.